Somo la familia: Siku ya sita na siku ya saba

Kusoma: Kutoka 16:13-30, Kumbukumbu la Torati 5:12-15



Mama zetu hapa Gisenyi huamka kabla ya jogoo. Kuna maji ya kuchota, mizigo ya kubeba mpaka Petite Barrière, watoto wa kulisha. Mama huwaza: nikiketi, watakula nini? Basi kutulia kunaonekana ni kwa wenye nyumba na mashamba, si kwa wakimbizi.

Lakini tuangalie Neno. Israeli walipewa pumziko wakiwa jangwani, wakilala hemani, wakila chakula cha kuokota kila asubuhi. Hawakungoja kufika Kanaani. Siku ya sita waliokota maradufu, omeri mbili kwa kila mtu. Waliotoka kuokota siku ya saba hawakukuta kitu. Tunajifunza kwamba pumziko huandaliwa siku iliyotangulia.

Tena amri hiyo inataja mwana, binti, mtumishi, punda, hata mgeni. Kwa hiyo baba akiketi kungoja chakula huku mama anahangaika, nyumba hiyo haijapumzika.

Tufanye hivi: Jumamosi baba na wavulana wajaze bidoni na kupasua kuni. Jumapili baada ya ibada mama aketi saa nzima, asitumwe. Anyamaze mbele za Mungu. Akisinzia, asijilaumu: Eliya naye alichoka akalala, akaamshwa ale (1 Wafalme 19).

Swali la kujibu nyumbani: Kwetu, ni nani asiyepumzika?

Mungu awabariki.