Jino Lililozibwa kwa Zebaki Lisichokonolewe Ovyo

Novemba 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikutana Geneva, zikakubaliana kwamba ifikapo 2034 amalgamu iwe imeachwa duniani kote. Amalgamu ni ile dawa ya rangi ya fedha inayozibia meno. Uamuzi ni mzuri, lakini habari za namna hii hufika mtaani nusunusu, na nusu ya kutisha ndiyo hutangulia. Aliyezibwa jino miaka kumi iliyopita akisikia kuwa ana zebaki mdomoni, wazo lake la kwanza ni kuitoa.

Asiitoe. Onyo hili ndilo lililozaa kijitabu hiki, na litarudiwa.

Ni kweli kwamba karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Iliyobaki hasa ni fedha, bati na shaba. Vikichanganywa hushikana na kuwa vigumu, na zebaki hufungwa humo. Hata hivyo haifungwi yote. Mtu akitafuna au akisaga meno usingizini, mvuke kidogo sana hutoka, huvutwa mapafuni, huingia kwenye damu, na sehemu yake hufika kwenye figo na ubongo. Je, kiasi hicho kinadhuru? Watoto 534 wa New England, Marekani, na 507 wa Lisbon, Ureno, walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, wengine wakiwa wamezibwa kwa amalgamu, wengine kwa kompositi, dawa ya rangi ya jino. Majibu yalitolewa 2006: watafiti hawakuona tofauti ya maana katika akili wala neva zao.

Drili ni jambo jingine. Inapochimba amalgamu huipasha joto, ikarusha vumbi na mvuke kwa wingi ndani ya dakika chache, puani mwa mgonjwa na mwa daktari. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema wazi kuwa jino lililozibwa vizuri lisifukuliwe bila sababu ya kitabibu. Likivunjika, likioza chini ya dawa, au mwenyewe akiwa na mzio, aende kwa daktari wa meno aliyesajiliwa, mwenye maji ya kupoza na kifyonza chenye nguvu. Asiye na kifyonza asiruhusiwe kuligusa.

Na mabaki yasiende motoni kamwe. Mwaka 1989, huko Michigan, amalgamu iliyeyushwa nyumbani ili kupata fedha; watu wazima wanne wa nyumba hiyo walikufa kwa mvuke wa zebaki.

Kwa kuziba upya, kanuni ya mkataba huo wa Minamata iliyokubaliwa 2022 inawakinga na amalgamu watoto wa chini ya miaka 15, meno ya utotoni, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari atakapoona hakuna budi.

Dawa mbadala nazo zina mambo yake. Kompositi, ile ya rangi ya jino, hugandishwa kwa taa ya buluu. Isipomulikwa vya kutosha, sehemu isiyoganda hutoa kemikali kwenye mate. Hata ikimulikwa vizuri, baadhi ya aina huacha chembe ndogo za bisfenoli A kwa saa za mwanzo, hivyo mgonjwa asukutue na kutema mara tu kazi inapokwisha. Saruji ya glasi, dawa nyingine mbadala, nayo hutoa floridi, na hiyo ina manufaa kwa jino.

Hapa Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia. Njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa dawa ya kunata, bila drili wala umeme, ilianzia Tanzania katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Leo saruji ya glasi ndiyo dawa yake kuu. Kwa hiyo zahanati ya kijijini isikubali kuambiwa kuwa bila zebaki hakuna kuziba.

Mama mjamzito amwambie daktari hali yake kabla ya kufungua kinywa, kisha aulize: dawa hii ina zebaki? Asipojibiwa, asizibwe.