WEWE NI NANI WAKATI HAKUNA AKUONAYE?



Huenda umepokea karatasi hii ili tu yule dada anayezigawa asikusumbue. Labda ulikuja mkutanoni kusikiliza vyombo, au ulikuwa unapita tu ukielekea kijiweni. Hakuna neno. Usiitupe bado, isome hata ukiwa kituoni unasubiri daladala.

Nataka kukuambia habari ya wema. Najua mara moja umemfikiria yule kijana mpole, asiyejua mji, ambaye walimu walimsifu kila siku. Ukasema moyoni, "Hayo siyo yangu, mimi nimeshaharibika." Au unasema kama wengi wanavyoniambia baada ya mkutano: "Nitaokoka mtumishi, lakini ngoja kwanza niache pombe, niachane na yule binti, nitulie." Rafiki, shetani amewashika vijana wengi sana hapo hapo. Ni nani anayejisafisha kwanza ndipo aende kuoga?

Fungua Biblia, kama huna azima kwa jirani, usome 2 Petro sura ya 1. Katika mstari wa 5 Petro anawaagiza waliokwisha kuamini waongeze wema juu ya imani yao. Neno alilotumia kwa Kiyunani ni arete. Upole peke yake haulitoshi neno hilo. Wayunani walilitumia kwa askari hodari asiyekimbia vitani, na hata kwa kisu kinachokata sawasawa. Yaani ni kitu au mtu anayetimiza ile kazi aliyoumbiwa, tena kwa nguvu. Sasa rudi nyuma kidogo, mstari wa 3. Pale Petro anasema uweza wa Mungu umekwisha kutupa yote tunayohitaji kwa uzima. Umeona mpangilio? Mungu anatoa kwanza, ndipo wewe unaongeza. Wema siyo nauli ya kupandia. Nauli ililipwa msalabani kwa damu ya Yesu, na hakuna konda atakayekudai tena.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, tajiri kwa fedha za dhuluma. Yesu hakumwambia arudishe kwanza ndipo aingie kwake. Alimwita ashuke mtini, akaenda nyumbani kwake angali mwizi. Ndipo Zakayo akasimama mwenyewe akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne (Luka 19).

Lakini wapo waliokwisha kupanda basi hili na hawajaongeza kitu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa konda. Tajiri alitaka hesabu yake kila jioni, na mimi na dereva tulikuwa na mbinu zetu. Leo tunasema gari lilipata pancha, kesho tunasema trafiki katukamata, kumbe pancha hewa, trafiki hewa. Abiria nao nilikuwa nawaambia, "Chenji utapata ukishuka mama," halafu akishuka nagonga bodi, gari linaondoka. Basi nikaokoka kwenye mkutano kama huu. Nililia machozi ya kweli, nikanena kwa lugha. Jumapili nilikuwa wa kwanza kusema Amina, Jumatatu pancha hewa kama kawaida! Kanisani hakuna aliyejua. Walikuwa hata wanataka kunipa uongozi wa vijana.

Usiku mmoja nikashindwa kuomba. Kila nikifumba macho naona lile daftari la hesabu. Asubuhi nikaenda kwa tajiri, magoti yanagongana, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Ni kiasi gani?" Nikamtajia nilichoweza kukumbuka. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kesho nisije. Dereva niliyefanya naye kazi naye akaulizwa, na mpaka leo hanisalimii. Hilo bado linaniuma. Nikabeba mizigo sokoni miezi minne nikilipa kidogo kidogo. Nilipomaliza sikupandishwa cheo wala sikupewa gari. Ila nililala usingizi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya vizuri kwa muda mrefu.

Ndiyo maana nampenda Yusufu. Ndugu zake walimwuza kwa vipande 20 vya fedha, kijana wa miaka 17, akapelekwa Misri ambako hakuna aliyemjua baba yake. Mke wa bwana wake akamtaka, siku baada ya siku. Ikafika siku nyumba ni tupu, hakuna mtumishi hata mmoja ndani. Nani angejua? Lakini Yusufu alikwisha kumwuliza yule mama, angewezaje kumkosea Mungu kwa ubaya mkubwa namna ile. Kwake nyumba haikuwa tupu. Akakimbia akaacha vazi lake mkononi mwa mwanamke (Mwanzo 39). Na wewe kaka, na wewe dada, jifunze kukimbia hivyo. Usikae kubishana na kishawishi kwenye chumba kilichofungwa, utashindwa.

Malipo yake? Jela! Mpaka anasimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Miaka 13 imepita, ya utumwa na ya kifungo. Mhubiri akikuambia ukitenda wema leo kesho utapata gari, mwulize habari za miaka hiyo 13.

Wazee wetu wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilijua jambo hili. Mtu akiokoka, vitu alivyoiba vilikuwa vinarudi kwa wenyewe. Hata asiyekwenda kanisani alijua kuna jambo limetokea.

Utasema, "Mimi sina nguvu hizo." Kweli huna, hata mimi sikuwa nazo. Ni Roho Mtakatifu anayezitoa. Vijana wengi wanamtafuta ili wanene kwa lugha, na ni vema. Lakini Roho huyo huyo anayeufungua ulimi anataka kuushika na mkono wako pale unapohesabu fedha za mtu.

Kama uko tayari, usingoje utulie kwanza. Omba sasa hivi, hapo ulipo:

"Bwana Yesu, nakuja kwako jinsi nilivyo. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa maisha yangu. Nipe Roho wako anitie nguvu ya kutenda mema hata nikiwa peke yangu. Amina."

Umeomba? Kesho mkutano unapoanza njoo mbele, tutakuombea na kukuonyesha kanisa lililo karibu na kwenu. Na kama kuna kitu cha mtu chumbani kwako, wewe unakijua. Kirudishe asubuhi kabla hujapata muda wa kubadili mawazo. Ukiogopa kwenda peke yako, mwambie mmoja wa wahudumu hapa, atakusindikiza.