Tusimwache Nyumbani: Kusafiri na Mtoto Mwenye Ulemavu



Desemba inakaribia. Stendi zitajaa watu, na familia nyingi zitafunga mizigo kwenda kuwaona wazee wao. Katika somo la mwezi huu napenda tumfikirie mtoto ambaye mara nyingi hasafiri, yaani mtoto mwenye ulemavu. Wenzake wanavishwa nguo mpya, yeye anaachwa kwa jirani au kwa msichana wa kazi. Tunasema, "Safari itamtesa." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi tunaogopa macho ya abiria, au hatujui namna ya kumwandaa. Mimi ni muuguzi wa miaka mingi, na kosa hili nililifanya mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa hapa Morogoro alikuja kliniki na mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo pamoja na kifafa. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa, wala kutafuna chakula kigumu. Mama akaniuliza, "Nesi, tunakwenda Rombo kwa wakwe zangu. Nimchukue au nimwache?" Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Nikajibu haraka, "Safari ni ya mchana kutwa. Mwache apumzike."

Waliondoka kwa wiki mbili. Msichana waliyemwachia mtoto alikuwa na nia njema, lakini hakufundishwa. Mtoto alipopaliwa siku ya kwanza, msichana aliogopa, akawa anamlaza chali na kumnywesha uji mwepesi kidogo kidogo. Mtoto akilala mapema, hakumwamsha ampe dawa ya usiku. Mwanzoni mwa Januari aliletwa wodini akiwa na degedege lisilokatika, nimonia, na kidonda kwenye nyonga. Alilazwa wiki tatu. Tunashukuru alipona.

Mama yake hakunilaumu. Alinisimulia tu jambo moja. Huko Rombo walichinja mbuzi, na bibi akamtengea kila mjukuu kipande chake. Watoto walipokwisha kuchukua, kipande kimoja kilibaki kwenye sinia. Bibi akauliza, "Huyu mwingine yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Swali hilo la bibi sijalisahau. Mwaka uliofuata tulianza maandalizi mwezi Novemba, na mtoto akasafiri. Haya ninayoandika hapa ni yale tuliyojifunza pamoja na mama yule.

1. Tuielewe hali ya mtoto

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baada ya hapo. Hauambukizi, wala si laana. Mtoto anaweza kukakamaa viungo au kulegea, kushindwa kukaa, kumeza au kusema, na bado akaelewa mengi yanayomzunguka. Baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Basi safari yenyewe si adui wa mtoto huyu. Adui zake ni dawa iliyokatizwa, chakula kilichopita njia ya hewa, kukaa mkao mmoja muda mrefu, na kukosa maji. Haya yote yanaweza kuzuiwa, na kama tulivyoona, yanaweza kumpata hata akibaki nyumbani.

2. Kabla ya safari

(a) Mpeleke kliniki wiki mbili au tatu kabla. Apimwe uzito, kwa maana dozi ya dawa hufuata uzito. Uliza ufanye nini akitapika mara baada ya kumeza dawa, ili usikisie mwenyewe njiani.

(b) Chukua dawa za kutosha na ziada. Ukienda kwa siku 14, beba za siku 21. Usitegemee kwamba zahanati ya kijijini itakuwa nazo. Ziweke katika mkoba unaoushika mkononi. Usiziweke katika sanduku linaloingia kwenye buti. Beba pia kadi ya kliniki na cheti cha dawa.

(c) Andika majina ya miji yenye hospitali katika njia yenu. Kwa safari ile tuliandika Korogwe, Same na Moshi, na kule Rombo kwenyewe Hospitali ya Huruma.

(d) Fanyeni safari ya majaribio. Mpandishe daladala, mwende sokoni na kurudi. Utaona anapokakamaa, anapoogopa kelele, na kama anatapika. Mama yule aligundua kwamba mwanawe hulia akikaa juu ya tairi, bali hutulia akiona mbele.

(e) Kata tikiti mapema na umlipie mtoto kiti chake. Najua nauli ni mzigo. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kupakatwa mchana kutwa, na dereva akifunga breki ghafla mikono ya mama haiwezi kumzuia. Chagua viti vya katikati au mbele kidogo, mbali na joto la injini.

3. Ndani ya basi

Mketishe wima, makalio yakiwa yameingia hadi nyuma ya kiti. Kunja blanketi au kanga mbili, uziweke ubavuni huku na huku ili asiinamie upande. Taulo lililoviringishwa lisaidie shingo. Mkanda wa kiti ukiwapo, mfunge.

Kila basi linaposimama, mtoe au mnyooshe miguu na mikono taratibu, na ubadilishe mkao wake. Lisiposimama, mnyanyue kidogo makalio mara kwa mara, na zisipite saa mbili bila kumgeuza. Jioni, angalia ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Ukiona wekundu usioondoka, au sehemu iliyogeuka rangi na kuwa ya moto, asikalie hapo mpaka ipone.

Kuhusu chakula, mlishe basi likiwa limesimama. Kichwa chake kielekee mbele kidogo, kamwe kisilale nyuma, na kijiko kitoke mbele yake. Chakula laini na kizito, kama uji mzito, ndizi au viazi vilivyopondwa, ni rahisi kwake kuliko maji maji. Mpe kidogo kidogo, umngoje ameze. Baada ya kula abaki wima angalau nusu saa. Akikohoa sana au kubadilika rangi, acha kumlisha.

Kuna mama ambao humnyima mtoto maji ili asikojoe njiani. Hili ni kosa kubwa. Mtoto hukaukiwa maji, hupata choo kigumu, na hali yake huharibika. Beba nepi au vitambaa vya kutosha, mfuko wa kuwekea vilivyochafuka, na kanga ya kumsitiri. Mwili wa mtoto usafishwe kama wa mtu mwingine yeyote, si mbele ya macho ya basi zima.

4. Akipata degedege njiani

Usikimbie wala usipige kelele. Fanya hivi:

- Mlaze ubavu, kwenye kiti au sakafuni, ili mate yatoke nje.
- Legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa.
- Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni.
- Usimshikilie kwa nguvu kumzuia asitikisike.
- Tazama saa.
- Asipewe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa.

Likizidi dakika tano, au likirudia kabla hajazinduka, au akishindwa kupumua vizuri, mwambie dereva aelekee hospitali ya karibu. Fanya hivyo pia kama hajawahi kupata degedege kabla, au kama ana homa.

Nanyi abiria, jueni kwamba povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi. Katika safari ile mtoto alishikwa na degedege walipopita Mombo. Watu wawili waliruka viti kukimbia. Mzee mmoja, ambaye hawakumfahamu, alivua koti lake akaliweka chini ya kichwa cha mtoto, akaanza kuhesabu dakika. Lilikatika ndani ya dakika tatu. Tuwe kama mzee yule.

5. Mkifika kwa ndugu

Saa za dawa zisibadilike kwa sababu ya sherehe, wala asikeshe. Kukosa usingizi, homa na kuruka dozi ni mambo yanayoita degedege. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, hasa kama mmetoka baridini kwenda mahali penye mbu wengi. Akipata homa, apimwe malaria mapema.

Jiandaeni pia kwa maneno. Shangazi atashauri mtoto aache vidonge apelekwe kwa mganga. Jirani atauliza mmemkosea nani. Baba na mama wakubaliane jibu kabla ya kuondoka nyumbani, nalo liwe fupi: "Ubongo wake uliumia. Anatumia dawa, na dawa haziachwi." Kukatiza ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuhatarisha uhai. Msimfiche chumbani wageni wanapokuja. Akae barazani na wenzake, na wazee wafundishwe namna ya kumpakata na kumlisha.

6. Matembezi ya karibu

Si kila familia ina nauli ya kwenda mbali. Lakini mtoto anahitaji kuona zaidi ya dari ya chumba chake. Sisi wa Morogoro tuna bahati. Barabara kuu iendayo Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa urefu wa kilomita zipatazo 50. Mtoto asiyeweza kutembea anaweza kuwaona twiga, swala, nyani, na pengine tembo, kwa kukaa dirishani mwa basi la kawaida. Na tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme kati ya Morogoro na Dar es Salaam, ambayo haina mitikisiko ya barabarani. Uliza kituoni mapema jinsi watakavyosaidia kumpandisha mwenye kiti cha magurudumu.

Mkienda mashambani au mtoni, angalieni haya:

- Penye mawe au mchanga, geuza kiti cha magurudumu na ukivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie.
- Mtoto mzito abebwe na watu wawili. Piga magoti, usiinamishe mgongo.
- Msiwaogeshe watoto katika maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho. Na mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na maji au moto, hata kwa dakika moja.
- Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda hahisi miguu yake. Avae viatu daima, asikalie jiwe lililopigwa na jua, na jioni akaguliwe miguu yote.
- Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua, na akae kivulini kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

7. Wakati wa kuahirisha

Asisafiri kabla ya kuonwa na mganga ikiwa ana homa, anapumua kwa shida, degedege limeongezeka siku za karibuni, dawa imebadilishwa wiki hiyo, au ametoka kufanyiwa upasuaji. Mwenye mpira wa kupunguza maji kichwani akianza kutapika, kuumwa kichwa au kusinzia kupita kawaida, apelekwe hospitali upesi. Na ikibidi kabisa abaki nyumbani, anayebaki naye afundishwe kulisha, kugeuza na kutoa dawa kwa siku kadhaa mbele yako. Hilo ndilo nililoshindwa kumwambia mama yule.

Hitimisho

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unataja wazi katika Ibara ya 30 haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini sheria haiwezi kumfungashia mtoto mizigo yake. Hiyo ni kazi ya baba na mama, ya kaka na dada, na yetu sisi watumishi wa afya tunaoulizwa ushauri wakati foleni ni ndefu.

Mtoto yule alikwenda Rombo mara tatu. Mara ya kwanza bibi alikataa kumrudisha kwa mama yake mpaka alipomlisha mwenyewe ile nyama, akiwa ameichemsha sana na kuiponda kwa ndizi. Bibi alifariki baada ya safari ya tatu. Walipata miaka mitatu ya kufahamiana. Ingekuwa minne, kama ningelijibu vizuri siku ile.

Maswali ya kujadiliana katika familia na jumuiya

1. Katika jumuiya yetu kuna mtoto gani ambaye hatujamwona nje ya nyumba yao mwaka huu? Nini kinamzuia?
2. Mtu akipata degedege karibu nasi, tutafanya nini kwanza? Tuoneshane kwa vitendo.
3. Familia inayosafiri na mtoto mwenye ulemavu tunaweza kuisaidia vipi: nauli ya kiti chake, mtu wa kubeba, au kumfundisha atakayebaki naye?