Dawa na Raha ya Mwanamke Kitandani

Tuchukue mfano wa mama wa mtaa wa Majengo, hapa Goma, aliyechomwa sindano ya miezi 3 ili apumzike kuzaa. Baada ya muda hamu ikapungua, uke ukawa mkavu, tendo likauma. Huku kwetu Kivu wengi huhesabu ute wa mwanamke kuwa alama ya raha, basi mumewe akawaza: kuna mwingine. Hakuna aliyeikumbuka kadi ya sindano iliyofungwa kwenye ncha ya kitenge.

Dawa zipi?

- Uzazi wa mpango (sindano, vidonge, vipandikizi): baadhi ya wanawake hupungukiwa hamu au hukauka, wengi hawaoni tofauti.
- Dawa za huzuni na wasiwasi, kama fluoxetine: huweza kuchelewesha kufika kileleni au kuleta ganzi sehemu za siri.
- Baadhi ya dawa za presha: huweza kushusha hamu.
- Dawa za mafua na mzio: zinazokausha pua huweza kukausha na uke.
- Antibiotiki: huua pia vijidudu vinavyolinda uke. Fangasi hupata nafasi: muwasho, na uchafu mweupe kama maziwa ya mgando.

Si dawa peke yake. Kunyonyesha, kukoma hedhi, kisukari, uchovu, hofu ya vita na kubakwa huweza kufanya vivyo hivyo. Aliyebakwa asijifiche: hospitali ya HEAL Africa hapa Goma huwatibu wanawake kama yeye.

Fanya hivi

1. Usiache dawa ghafla, hasa ya presha, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI.
2. Mpelekee muuguzi paketi zote. Mwambie ulianza lini na mwili ulibadilika lini. Anaweza kukupatia njia nyingine ya uzazi wa mpango, au kukutuma kwa daktari abadilishe dawa au kipimo.
3. Usioshe ndani ya uke kwa sabuni wala ndimu. Maji safi, nje tu, yanatosha.
4. Kwa ukavu, tumia kilainishi cha maji. Mawese na Vaseline hudhoofisha kondomu.
5. Usinunue antibiotiki kapsule mbilimbili bila kupimwa.

Nenda kituo cha afya leo ukiona harufu mbaya, vidonda, homa, maumivu chini ya kitovu, au damu baada ya tendo.

Baba, kabla ya kuuliza "Ni nani?", uliza "Mama, siku hizi unatumia dawa gani?" Kisha msindikize.