Habari Haimfuati Mtu: Nasaha kwa Mwanafunzi wa Uzamili Mlimani

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokewa pamoja na kundi lake, huonyeshwa bweni, hupangiwa ratiba, na kila jambo limpasalo kulijua humfikia, atake asitake, kwa vinywa vya wenzake anaolala nao chumba kimoja. Lakini mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, ambaye aghalabu ni mtu mzima mwenye ajira, mwenzi, watoto na kodi ya nyumba huko Changanyikeni, Msewe au Sinza, huja peke yake, huketi darasani jioni, kisha huwahi daladala ya kurudi kwake pasipo kujua kwamba mchana uo huo palikuwa na mhadhara, tangazo la ufadhili, au mafunzo ya maktaba ambayo yangemwondolea taabu ya miezi. Mimi nilisoma fasihi ya Kiswahili Mlimani nikiwa mwalimu wa sekondari mwenye ruhusa ya masomo, na haya niyaandikayo ni yale niliyoyatenda, pamoja na yale niliyoyaona yakitendwa na wenzangu waliomaliza kwa wakati.

Kauli yangu ni moja, na mengine yote ni ushahidi wake. Jalada la tasnifu hubeba jina la mtu mmoja, lakini kazi yenyewe hupita katika mikono ya watu wengi; na yule amalizaye mapema si lazima awe na akili kuliko wenzake, bali ni yule aliyewafahamu watu hao kabla hajawahitaji.

Chuo hiki kilipoanza mwaka 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wachache wa sheria, na bila shaka habari ilitosha kusemwa mara moja ukumbini ikawa imeenea. Mwaka 1964 kikahamia kilimani kilipo sasa, mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea, na tangu hapo kimezaa ndaki, shule kuu na taasisi, kila moja na mkuu wake, ubao wake wa matangazo na desturi zake. Katika ukubwa huo, kungojea kuambiwa ni kujinyima. Inafaa kuwa na tadbiri.

Anza na watu

Juma la kwanza, kabla sijanunua hata kitabu kimoja, nilifanya ziara ya salamu. Nilianza kwa mratibu wa masomo ya uzamili katika idara, kwa kuwa yeye ndiye apangaye siku za kuwasilisha mapendekezo ya utafiti na ndiye apitishaye fomu kwenda juu. Kisha nikaenda kwa katibu muhtasi, ambaye hujua kuliko profesa yeyote faili la nani limelala wapi na tangu lini. Kisha katika kurugenzi inayosimamia masomo ya uzamili kwa chuo kizima. Na mwisho kwa Mshauri wa Wanafunzi, ambaye wengi hudhani kazi yake ni mabweni ya vijana tu. Sikwenda na shida yoyote. Niliamkia, nikajieleza jina na somo langu, nikauliza swali moja: ni jambo gani ambalo wanafunzi wa uzamili huchelewa kulileta hapa? Majibu niliyapata kwa ukarimu, kwa sababu mtu asiye na haraka husaidiwa kwa furaha kuliko yule ajaye akihema siku ya mwisho, na majibu hayo, niliyoyaandika pamoja na tarehe, yakawa ratiba yangu kwa muda wote wa masomo.

Kwa msimamizi wa tasnifu nilijiwekea kanuni ambayo namwusia kila mtu. Baada ya kila kikao nilimwandikia barua pepe fupi, yenye staha, nikitaja yale tuliyokubaliana, yale nitakayofanya na tarehe nitakayoyaleta. Msimamizi ana wanafunzi wengi, mihadhara na safari, na hawezi kukumbuka kila neno alilomwambia kila mtu. Barua ile humkumbusha bila kumlaumu, na yakitokea mabadiliko ya msimamizi, kama yatokeavyo kwa sababu ya likizo au uhamisho, huwa ithibati ya mahali ilipofika kazi.

Zichunge habari kwa daftari

Matangazo ya Mlimani hayana mlango mmoja. Mambo ya usajili na matokeo hupatikana katika mfumo wa ARIS. Mihadhara ya wageni hutangazwa katika tovuti ya chuo na pengine katika Mlimani Redio, 106.5; nafasi za warsha na usaidizi wa utafiti hubandikwa katika mbao za ndaki kwa karatasi ambazo upepo huzing'oa; na makundi ya WhatsApp hubeba yote hayo pamoja na uvumi. Kwa hiyo kundi la WhatsApp nililifanya kengele, si hakimu: likinijulisha jambo, nililitafuta asili yake katika tangazo lenye sahihi kabla ya kulitendea kazi.

Siku moja katika juma, nikishuka kituo cha Utawala, nilipita mbao zote za njiani, nikapiga picha kwa simu, kisha nikanakili katika daftari lenye safu tatu: jambo lenyewe, tarehe ya mwisho, na mtu wa kuuliza. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani, maana tangazo lisilo na mtu wa kuulizwa huishia kuwa pambo la ukuta.

Hudhuria hata lisilo somo lako

Semina za idara, ambamo wanafunzi huwasilisha mapendekezo na sura za tasnifu zao, watu wengi huzihudhuria siku yao tu. Mimi nashauri kinyume cha hayo: uzihudhurie kabla ya zamu yako, kwani maswali ya wahadhiri ni yale yale yakirudi kwa sura mbalimbali, nayo ni: tatizo la utafiti liko wapi, nadharia hii inakufaa kwa nini, na ulichagua vipi watu utakaowahoji. Aliyewasikia wenzake wakiulizwa hayo huandika pendekezo lake akiwa amekwisha kuyajibu.

Fauka ya semina kuna mikusanyiko mikubwa. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008 na kukaliwa kwanza na Profesa Issa Shivji, kimeleta katika Ukumbi wa Nkrumah wageni ambao mtu angelazimika kuvuka bahari ili awasikie. Wole Soyinka alihutubu hapo mwaka 2009. Kuna pia Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ambapo ndaki zote huonyesha kazi zao, na makongamano ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ambamo mwanafunzi aweza kusoma makala mbele ya walimu wa Kenya na Uganda na kurudi na masahihisho ya bure. Kaa karibu na mbele, andika swali lako kabla ya kunyoosha mkono ili liwe fupi, na baada ya mkutano usiwe wa kwanza kutoka: watahini wa nje, wafadhili na wahariri wa majarida hupatikana katika dakika zile za chai.

Maktaba, na ukurasa usiosomwa

Maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, yaweza kuwaketisha wasomaji takriban 2,100 kwa wakati mmoja, na kwa mtu ambaye nyumbani kwake kuna watoto na redio, kiti kimoja kati ya hivyo ni msaada ulio dhahiri. Lakini dafina ya mtafiti wa mambo yetu iko katika mkusanyo wa East Africana, ambamo mna karatasi za watafiti wa zamani Hans Cory na Fosbrooke, na tasnifu za waliotangulia. Na mwenye kushughulika na tenzi atafaidi hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokusanywa pwani, ambazo orodha yake iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Mkutubi wa sehemu hiyo mweleze mada yako kwa sentensi mbili, kisha mwache afikiri. Mara kadhaa nililetewa jalada ambalo katalogi isingenionyesha hata ningeitafuta mwezi mzima.

Hapo pana jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Nilipozichukua tasnifu za zamani za idara yangu, nilianza kusoma ukurasa wa shukrani kabla ya sura ya kwanza. Katika ukurasa huo, baada ya Mwenyezi Mungu na wazazi, waandishi hutaja waliowasaidia kweli: mkutubi fulani, afisa wa mkoa fulani, mhadhiri wa idara nyingine aliyesoma rasimu. Jina au cheo kinachotajwa na waandishi wengi, kwa miaka mbalimbali, ni mlango unaofunguka. Na mimi niligonga milango hiyo kwanza.

Kibali cha utafiti kiombwe mapema

Hakuna kitu kinachowachelewesha watu kama karatasi hii. Barua niliyopewa mimi ilitaja waraka wa Serikali wa tarehe 4 Julai 1980, uliompa Makamu Mkuu wa Chuo uwezo wa kutoa vibali kwa wanafunzi na watumishi wake kwa niaba ya baraza la utafiti lililoitwa UTAFITI, ambalo Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo mrithi wake. Mgeni kutoka nje ya nchi huiomba COSTECH yenyewe. Na atafitiye afya ya binadamu hahitaji kukumbushwa kwamba maadili ya kazi yake yana njia nyingine, kupitia taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR.

Barua hiyo si mwisho, bali ni mwanzo wa mteremko. Huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye akakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, naye kwa mtendaji wa kata, hata ufike kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji ambaye ndiye, kwa hakika, atakayewaambia wazee wakae nawe barazani. Mambo manne yalinifaa: kutaja katika ombi mikoa yote, hata ule niliokuwa na shaka nao, kwa kuwa kuongeza mkoa baadaye ni kuanza upya, kuambatisha maswali ya dodoso yaliyokwisha kupitishwa na msimamizi, kubeba nakala nyingi, na kufika kila ofisi asubuhi, nikiwa nimevaa kama mwalimu. Anayevuka kwenda Unguja au Pemba akumbuke kwamba Zanzibar ina mamlaka yake ya kutoa vibali, na kwamba ombi la kusoma katika Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, halifunikwi na barua ya Dar es Salaam.

Fedha na afya

Juu ya fedha nitasema machache. Mwajiriwa aliyekopa Bodi ya Mikopo katika shahada ya kwanza ahesabu makato ya asilimia 15 ya mshahara wake, yaliyopandishwa kwa sheria mwaka 2016, kabla hajapanga ada ya uzamili. Ufadhili wa kutafutwa upo: CODESRIA ya Dakar imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika, na DAAD ya Ujerumani hufadhili masomo humu humu Afrika. Kwa kuwa muda wa kuomba huwa mfupi, weka tayari bahasha moja yenye wasifu, vyeti vilivyothibitishwa na ikisiri ya utafiti ya ukurasa mmoja, na wadhamini wako wajulishe kabla hawajaulizwa.

Mintarafu afya, usione haya. Bima ya wanafunzi ya NHIF, ambayo kwa miaka mingi ada yake ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kituo cha afya cha chuo, si vya vijana peke yao. Wala ushauri nasaha si wa wendawazimu: kuna majira katika kuandika, hususa baada ya kurudi kutoka uwandani na marobota ya mahojiano yasiyonakiliwa, ambapo mtu mzima mwenye heshima zake hukosa usingizi na huwakwepa wenzake, na mazungumzo ya faragha na mnasihi huweza kumrudisha mezani. Kadhalika, mwanafunzi anayedaiwa na mtu mwenye mamlaka jambo lisilo la kitaaluma asilibebe peke yake. Dawati la Jinsia limewekwa kwa ajili hiyo, na shauri lililoandikwa mapema husikilizwa vizuri kuliko lililochelewa.

Kufunga kazi

Kumaliza kuandika si kumaliza. Kabla ya kukabidhi, sharti utoe taarifa ya nia ya kukabidhi, ili watahini wateuliwe wakati wewe ungali unasahihisha. Tasnifu ipitishwe katika programu ya kubaini wizi wa maandishi, nawe uwe umeipitisha kwanza pamoja na msimamizi. Na masahihisho ya watahini yaorodheshwe moja baada ya moja, kila moja na ukurasa liliporekebishwa, kwa sababu orodha hiyo humfupishia kazi yule atakayethibitisha kwamba umetii. Kila hatua ina fomu, na kila fomu ina mtu. Ukiwa uliwasalimu wakati wa kuingia, utawapitia wakati wa kutoka bila ya kuulizwa wewe ni nani.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wazee, nami naongeza kwamba aliyeulizwa naye ana deni. Ukiisha kuvaa joho la mahafali, lipe kundi la wanaofuata nakala ya daftari lako, urekebishe tarehe zilizopitwa, na katika ukurasa wa shukrani utaje kwa cheo kila ofisi iliyokutendea wema, ukieleza ilikufanyia nini. Kwa maana yupo mwalimu, huko Sumbawanga au Lindi, anayejaza fomu ya maombi hivi sasa, na hana mtu mwingine wa kumwonyesha aanzie wapi.