SOMO LA KIKUNDI: JE, MBWA WA ROTTWEILER ATAFAA NYUMBANI KWETU?

Shabaha ya somo: Mwisho wa somo hili, wanakikundi waweze kupima, kabla ya kutoa pesa, kama boma lao linaweza kumtunza mbwa mkubwa bila kuwahatarisha watoto na majirani.

Wizi wa ng'ombe, kuku na hata paneli za sola umewafanya watu wengi wa vijijini wafikirie kununua mbwa mkali. Mtu akirudi kutoka mjini husema, "Nimeona mbwa mweusi kule kwa matajiri, kichwa kama cha fahali. Mwizi hasogei!" Hapo ndipo hamu huanza, na mara nyingine pesa hutoka kabla ya maswali ya maana kuulizwa. Haya, tuyaulize leo.

1. Huyu ni mbwa gani?

Rottweiler alipata jina lake kutoka mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Wachinjaji wa huko walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Reli ilipoanza kubeba mifugo, kazi yake ilipungua. Baadaye polisi wa Ujerumani walimpenda, na mwaka wa 1910 akatambuliwa rasmi kuwa mbwa wa polisi. Kwa hiyo huyu si mnyama mwovu. Ni mbwa wa kazi, aliyezoea kuwa karibu na bwana wake na kufundishwa kila siku.

Dume husimama sentimita 61 hadi 68 kutoka chini hadi begani, na uzito wake ni kilo 50 hivi. Jike ni kilo 42 hivi. Mbwa wetu wa kawaida wa kijijini mara nyingi hafikishi hata nusu ya uzito huo. Fikiria mfuko mmoja wa simiti, wenye miguu na meno, ukimrukia mtoto wa miaka minne kwa furaha tu. Hata bila kuuma, mtoto ataanguka na kuumia.

Sifa zake njema ni nyingi. Anajifunza upesi, anaipenda familia yake, na wageni humwogopa kwa kumwona tu. Lakini sifa hizo hutokea pale alipolelewa vizuri. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa naye ni hivyo hivyo.

2. Sikiliza mazungumzo haya

Mwenyekiti achague watu wawili wayasome kwa sauti.

BABA: Mama watoto, bonasi ya chai ikitoka, mimi naleta Rottweiler. Wezi wametuzidi.

MAMA: Sawa, baba. Lakini wewe unatoka saa kumi na moja asubuhi, unarudi giza limeingia. Mimi niko shambani. Huyo mbwa atabaki na nani?

BABA: Atafungwa kwa mnyororo. Mbwa akifungwa ndiyo anakuwa mkali.

MAMA: Mkali kwa nani? Nyanya yao anapita hapo kila saa kwenda jikoni. Na watoto wa jirani wanakata njia hapa kwetu wakienda shule.

BABA: Nitawaambia wasipite.

MAMA: Utamwambia mtoto wa darasa la pili asipite njia ambayo baba yake pia aliipita? Siku mnyororo ukikatika, tutamwambia nini mama yake?

BABA: (Ananyamaza kidogo.) Basi tufanye hesabu kwanza.

Baba ana haki ya kuogopa wezi, na mama naye ana haki ya kuuliza. Kosa lililo katika maneno ya baba ni moja: kudhani kwamba mnyororo hutengeneza mlinzi. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hujaa woga na hasira. Hajifunzi kutofautisha mwizi na mtoto aliyekuja kuomba chumvi. Anamwona kila anayesogea kuwa adui.

3. Maswali matano ya kujiuliza

Kwanza: Nani atakaa naye? Mtoto wa mbwa hujifunza mambo mengi ya watu kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Katika muda huo aonyeshwe wazee, watoto, baiskeli, ng'ombe na wageni, kwa upole. Aondolewe kwa mama yake akiwa na wiki 8 hivi, si mapema. Kama hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kumfundisha kila siku, jibu limeshapatikana.

Pili: Ua upo? Kamba ya katani na vijiti viwili si ua. Huyu mbwa anahitaji ua imara wenye mlango unaofungwa, kivuli cha kutosha, na maji wakati wote, maana mwili mkubwa na manyoya meusi huteseka kwa jua kali.

Tatu: Watoto wana umri gani? Watoto wengi huumwa na mbwa wanayemjua, tena nyumbani. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata dakika moja. Watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa akila, akilala au akinyonyesha, na kutomkimbia.

Nne: Pesa zipo? Mbwa mkubwa hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu cha dukani kwa siku. Hiyo ni kilo 15 kwa mwezi, na kilo 180 kwa mwaka, kwa miaka 8 hadi 10 ya maisha yake. Ukimpikia nyumbani, ugali mtupu hautoshi. Anahitaji pia omena, nyama au mabaki mengine yenye protini. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni.

Tano: Daktari wa mifugo yuko karibu? Watoto wa Rottweiler hushambuliwa sana na ugonjwa wa parvo, unaoleta kuhara damu na kuua upesi. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa mpaka wiki ya 16. Aina hii pia husumbuliwa na ugonjwa wa nyonga, kwa hiyo ukinunua, waangalie wazazi wa mbwa jinsi wanavyotembea na jinsi wanavyowapokea wageni. Mama mbwa akiwa mwoga au anataka kuuma ovyo, rudi nyumbani na pesa zako.

4. Mambo ambayo hayana mjadala

Awe Rottweiler au mbwa wa kawaida, kila mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa mtu, karibu wote hufa. Mwaka wa 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ili kuuzuia ugonjwa, angalau mbwa 70 kati ya 100 katika eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa. Hiyo si kazi ya mtu mmoja, ni kazi ya kijiji kizima.

Mtu akiumwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha enda hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Usipake majivu, mafuta wala pilipili. Mbwa asiuawe haraka. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe.

Tena, usimpe mbwa maini au mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Humo mna tegu mdogo anayewaletea watu uvimbe mkubwa tumboni, ugonjwa unaojulikana sana huko Turkana. Choma au fukia viungo hivyo, na umpe mbwa dawa ya minyoo.

5. Mkiona hamuwezi

Kusema "hatuwezi" si aibu. Ni afadhali mbwa wawili wa kawaida waliochanjwa, wanaoshiba na wanaobweka mgeni anapokuja, kuliko Rottweiler mmoja mwenye njaa kwenye mnyororo. Ongezeni ua wa kayaba, taa ya sola mlangoni, kufuli nzuri ya zizi, na mpango wa majirani kuitana usiku kwa filimbi. Mwizi huogopa kelele na mwanga kuliko mnavyodhani.

Mkiona mnaweza, anzeni na ua kabla ya mbwa. Wajulisheni majirani, na watoto wapate njia nyingine ya shule kabla hajafika. Yeye akimuuma mtu, ninyi ndio mtakaojibu, kwa pesa na kwa urafiki wenu na jirani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zenye mbwa, na ni mbwa wangapi waliochanjwa mwaka huu?
2. Ulizeni bei ya chakula cha mbwa dukani. Kilo 180 ni shilingi ngapi? Linganisheni na karo ya mtoto mmoja au na thamani ya kile kinacholindwa.
3. Katika mazungumzo ya baba na mama, ni swali gani ambalo baba hakulijibu?
4. Je, kikundi kinaweza kumwita daktari wa mifugo achanje mbwa wote siku moja? Nani atapeleka ombi, na lini?

Katibu aandike majibu ya swali la 1 na la 4 katika kitabu cha kikundi, na yasomwe katika mkutano ujao.