Somo la Bustani: Ndago Haiishi kwa Kukatwa Mara Moja

Mwezi huu tunaomba kila nyumba isome somo hili pamoja, wazazi na watoto, kisha mtoke nje mkaangalie bustani yenu.

Sisi wa kikundi cha bustani tunaanza kwa kukiri kosa letu. Msimu uliopita tuliona majani membamba yakitokea katikati ya lengalenga. Tukayakatakata kwa jembe. Hazikupita wiki mbili yakawa mengi kuliko mwanzo. Tulichong'oa tulikitupa katika shimo la mbolea la kanisa, na mbolea ile ikagawiwa nyumba tatu. Sasa nyumba zote tatu zina ndago. Mmoja wa waliopokea ni mama mjane mwenye watoto wanne, na kipande kile nyuma ya nyumba yake ndicho kinachojazia posho isiyofika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo somo hili ni deni letu kwake.

1. Tuijue ndago

Kwa mbali ndago inafanana na majani ya kawaida. Ipimeni hivi:

– Shikeni bua la ua, mlizungushe kati ya vidole viwili. Bua la ndago lina pembe tatu, halina vifundo, na ndani limejaa. Bua la majani ya kawaida ni la mviringo na lina vifundo.
– Majani yake yanatoka chini, yamepangika matatu matatu, yanang'aa, na kila jani lina mfereji katikati.
– Ua lake juu ni la rangi ya kahawia inayoelekea zambarau.
– Chimbeni polepole. Mtakuta viazi vidogo vyeusi, kama punje ya karanga, vimeungana kwa nyuzi ngumu kama shanga. Ndani ni vyeupe, vina harufu, na ni vichungu.

2. Kwa nini jembe letu liliiongeza

Nguvu ya ndago haiko katika majani. Iko katika vile viazi, na vingi vinakaa katika udongo wa juu, kina cha sentimita 15 hivi. Vikiwa bado vimeungana, kiazi kilichochipua kinavizuia vingine visiamke. Jembe likikata zile nyuzi, kila kiazi kinajitegemea na kuchipua. Tulidhani tunaua mmea mmoja, kumbe tunaamsha waliolala.

Tena, ndago hii haienei sana kwa mbegu. Inasafiri katika udongo uliokwama kwenye jembe, katika miche, katika samadi, na katika maji ya mvua. Mara nyingi ni mikono yetu wenyewe inayoibeba.

3. Namna ya kuishinda

Kwanza, ichimbeni pamoja na viazi vyake. Tumieni jembe la meno, au kijiti kigumu mahali padogo. Fanyeni hivyo udongo ukiwa na unyevu kidogo, mfuate uzi hadi mwisho wake. Watoto wana macho mazuri, waokote viazi na kuviweka katika ndoo.

Pili, rudini kila baada ya wiki mbili. Kila kiazi kinapochipua kinatumia akiba yake. Tukiondoa chipukizi kabla halijatengeneza viazi vipya, akiba inakwisha. Tukichelewa mwezi mzima, tumeanza upya. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa, maana tunalima kwa hasira siku moja kisha tunasahau.

Tatu, tumieni kiangazi. Kipande kisichopandwa kilimwe na kupinduliwa mara kadhaa jua likiwa kali. Viazi vya ndago vinakufa vikikauka kabisa, lakini vikifunikwa na udongo wenye maji vinaweza kuishi miaka.

Nne, ifunikeni kwa kivuli. Ndago inapenda jua na inadhoofika kivulini. Baada ya kuchimba, pandeni kunde au maboga yafunike ardhi haraka. Vitunguu havifai hapo kwa sasa, kwa kuwa majani yake hayatoi kivuli. Msitegemee nyasi kavu au plastiki nyembamba peke yake, maana ncha ya ndago ni kali na inatoboa.

Tano, msitupe viazi vyake katika shimo la mbolea, wala kwenye mtaro, wala ng'ambo ya mpaka wa jirani. Vianikeni juu ya bati au jiwe hadi vikauke kabisa, kisha mvichome. Ng'oleni udongo wote kwenye jembe kabla ya kuliazima, na kagueni miche kabla ya kuipanda.

Kuhusu dawa: nyingi zinakausha majani tu na kuacha viazi vikiwa hai. Msinunue dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Karibu na mboga na watoto ni hatari.

4. Swali tuliloulizwa

Ndugu mmoja ametuuliza: Katika Mathayo 13, je, mwenye shamba hakuagiza magugu yaachwe hadi mavuno? Ndiyo, kwa kuwa alihofia ngano ing'olewe pamoja nayo. Lakini Yesu mwenyewe aliufafanua mfano ule kuwa unahusu watu na hukumu ya mwisho. Kwa hiyo tusiwahukumu jirani zetu kuwa ni wavivu kwa sababu ya ndago, bali tusiiache ndago yenyewe hadi mavuno.

5. Maswali ya kujadili nyumbani

– Tumeiona ndago wapi katika bustani yetu, na ilifikaje?
– Nani nyumbani atakumbusha siku ya kurudia, kila wiki mbili?
– Jirani yupi hana nguvu ya kuchimba peke yake?

Bustani zetu zimepakana, hatua chache tu kati ya nyumba na nyumba. Mmoja akisafisha na mwenzake akaacha, mvua moja itairudisha. Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, tutaanza katika zile nyumba tatu, kwanza kwa yule mama. Njooni na jembe lililosafishwa na ndoo moja. Baada ya wiki mbili tutarudi tena.